Tindikali ya dukani inapogoma: dalili, chanzo na vipimo vya nyumbani

Jaribio likiharibika, neno la kwanza mdomoni ni "hii tindikali si safi". Mara nyingi tatizo si hilo. Inaweza kuwa safi kabisa ila dhaifu. Inaweza kuwa kali ya kutosha lakini kiwandani wameitia sabuni makusudi. Inaweza hata kuwa haina doa lolote, na kosa likawa la maji ya bomba uliyoizimulia. Kila moja lina dawa yake, na ukiyachanganya utamwaga chupa nzuri na kubaki na mbovu.

Kabla ya kipimo chochote, jiulize chupa hiyo ilitengenezwa kwa kazi gani. Hapo ndipo utajua uchafu gani umezuiwa na upi umeachwa upite. Asidi ya betri ni asidi salfuriki iliyozimuliwa, na kwa kawaida densiti yake ni kati ya 1.24 na 1.28, yaani theluthi moja ya uzito wake au zaidi kidogo ni asidi yenyewe. Chuma kikiingia humo, betri hujimalizia chaji ikiwa imekaa tu. Kloraidi (ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani) ikiingia, hula bamba chanya. Mtengenezaji asiyevizuia vitu hivyo atarudishiwa mzigo, ndiyo maana asidi mpya ya betri huwa safi kuliko watu wanavyodhani. Siki nayo huangaliwa kwa jicho la mlaji: risasi na sumu nyingine haziruhusiwi kuzidi kiwango, lakini rangi ya karameli haimsumbui mtu. Asidi ya kusafishia vyoo na vigae ndiyo haina mwenyewe. Chuma, rangi ya buluu, marashi, kizito cha kuifanya ing'ang'anie ukutani, vyote ruksa, kwa sababu choo hakilalamiki.

Ukiniuliza mimi, asidi safi kuliko zote anazoweza kuzipata mtu wa kawaida ni asidi ya sitriki ya unga inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki. Viwango vya chakula huidai usafi wa asilimia 99.5 au zaidi. Jaribio linalowezekana kwa sitriki lifanye kwa sitriki, na shida nyingi zilizo hapa chini hutazisikia.

Usalama, kwa ufupi, kwa sababu wengi wenu mnaujua lakini wachache mnaufuata. Miwani ya kinga na glavu hata kwa tone moja. Asidi humiminwa kwenye maji, maji hayamiminwi kwenye asidi. Hidrokloriki, asidi iliyomo kwenye dawa nyingi za vyoo na vigae, ifunguliwe nje, mbali na pikipiki, mabati na vyombo vya chuma, maana mvuke wake hutia kutu kila kinachong'aa. Ndoo ya maji na kopo la soda ya kuokea viwe karibu. Na watoto wafanye kwa siki au sitriki, si kwa kitu kingine.

Tengeneza kipimio kimoja utakachokitumia kwa zote

Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haiwezi kupima gramu 7 za soda kwa uhakika; gramu moja ikipotea hapo, umekosea kwa asilimia 14. Kwa hiyo usipime kidogo. Pima gramu 50 za soda ya kuokea, yeyusha kwenye maji baridi yaliyokenekwa (distilled) mpaka ujazo ufike lita 1. Kosa la gramu moja sasa ni asilimia 2 tu. Maji yasiwe ya moto, kwa kuwa soda ikipashwa hutoa gesi na kugeuka kitu kingine. Usitumie baking pauda, ambayo tayari ina asidi na wanga ndani yake, wala magadi ya kupikia maharage, ambayo ni mchanganyiko usiojulikana uwiano wake.

Kupima ujazo, nunua sirinji mbili za mililita 10 au 20 duka la dawa, tupa sindano. Kiashiria ni rozela, ile ambayo wengine huiita choya: loweka maua machache makavu kwenye maji ya moto, chuja, na matone kadhaa yanatosha. Kwenye asidi ni nyekundu ya kuiva. Asidi inapokaribia kuisha wekundu hufifia, kisha hugeuka zambarau iliyochoka, na ukizidisha soda huenda kwenye kijani.

Sasa chukua mililita 10 za asidi unayoipima, tia rozela, dondoshea maji ya soda huku ukitikisa. Karibu na mwisho nenda pole: ongeza kidogo, tikisa, ngoja gesi itoke, ndipo uongeze tena. Gesi iliyobaki ndani ya maji nayo ina uasidi wake, na mtu mwenye haraka husoma namba ya uongo.

Siki hupimwa ilivyo. Gawanya mililita za soda ulizotumia kwa 2.8 na utapata asilimia ya asidi. Siki ya asilimia 5 hula takriban mililita 14, ya asilimia 4 hula 11 na kidogo. Asidi kali zimua kwanza: mililita 10 ndani ya maji mpaka zifike 100, halafu pima mililita 10 za mchanganyiko huo. Asidi ya betri ya densiti 1.25 itakula mililita 14 na nusu hivi, ya 1.28 itakula 16 na kidogo. Hidrokloriki ya asilimia 33 hula karibu 17 na nusu. Dawa ya choo yenye asilimia 10 haifiki 5. Kwa sitriki, yeyusha gramu 5 kwenye mililita 100 na upime 10: unga mkavu usio na maji ndani ya fuwele hula kama 13, wenye maji hula 12. Sitriki ina ukaidi wake. Sehemu ya tatu ya uasidi wake haiachii mpaka gesi itoke yote, hivyo pasha moto mchanganyiko ukikaribia mwisho, la sivyo utaishia njiani na kumlaumu muuza duka bure.

Kipimo hiki kinakupa ukali tu. Usafi hakiujui, na namba nzuri si cheti.

Dalili: haitoi povu hata kidogo kwenye soda

Uwezekano wa kwanza ni kwamba hukununua asidi. Kwenye maduka ya spea, "maji ya betri" mara nyingi ni maji yaliyokenekwa ya kuongezea betri inayotumika, na asidi ni chupa nyingine ya kujazia betri mpya. Chupa zinafanana, rangi hakuna, na muuzaji akiwa na haraka anakupa iliyo karibu. Muulize wazi: "Kaka, hii ni ya kuongezea au ya kujazia betri mpya?" Akisita, dai aisome kwa haidromita, kifaa cha kupimia densiti. Maji yatasoma 1.00, asidi itasoma 1.24 au zaidi. Kumbuka kipimo hicho hushuka kwa takriban 0.007 kila joto linapopanda nyuzi 10, kwa hiyo asidi iliyoshinda juani Dar es Salaam itaonekana dhaifu kidogo kuliko ilivyo.

Uwezekano wa pili ni wa hatari. Baadhi ya dawa za choo si asidi, ni klorini. Ukisikia harufu ya klorini, funika na uache hapo hapo. Usiongeze siki wala asidi yoyote "ili kuona". Vitu hivyo viwili vikikutana hutoa gesi ya klorini, nayo huharibu mapafu.

Dalili: povu lipo kwenye soda, lakini msumari au zinki haisemi kitu

Hii inawachanganya hata walimu. Asidi imepimwa, ukali wake upo, lakini msumari uko ndani umelala kama samaki wa bucha.

Kama ni dawa ya kuondolea kutu au ukoko, chanzo ni kizuizi kilichotiwa kwa makusudi. Mtengenezaji anataka kutu iliwe na chuma kibaki, kwa hiyo huongeza kemikali inayojibandika kwenye uso wa chuma na kuukinga. Asidi hiyo haina ubovu wowote kwa kazi yake; kwa somo la asidi na metali haifai na hakuna dawa. Badilisha chupa.

Kama ni asidi ya betri na metali ni zinki, huenda kosa ni usafi uliopita kiasi, na ni usafi wa zinki. Zinki safi sana huliwa taratibu mno. Tia matone machache ya maji ya mrututu (salfeti ya shaba). Shaba itajipaka kwenye zinki, na kama asidi ni nzima, viputo vitaanza kupanda kwa wingi mara moja. Gesi hiyo ni haidrojeni, kwa hiyo jiko, kiberiti na sigara viwe mbali. Visipopanda, rudi kwenye kipimio cha soda.

Kama ni karatasi ya alumini ya jikoni, usiilaumu asidi kabisa. Alumini ina ngozi ya oksidi ambayo salfuriki iliyozimuliwa huichukua muda mrefu kuivunja, ilhali hidrokloriki huipenya upesi.

Dalili: rangi ya njano

Ni hidrokloriki karibu kila mara, na karibu kila mara ni chuma. Asidi ya viwandani hupita kwenye matangi na mabomba, na hata chuma kidogo sana ndani ya asidi kali hutoa njano inayoonekana. Ukiizimua, njano hufifia kuliko ulivyotarajia kwa kiasi cha maji uliyotia. Rangi ya kutengenezwa haifanyi hivyo; hupungua sawasawa na maji.

Uthibitisho ni rahisi. Zimua asidi mara kumi, ongeza soda kidogo kidogo mpaka povu likome, weka kwenye glasi nyeupe mezani na uiache. Baada ya muda chuma hujikusanya kama mawingu ya kutu yanayoshuka chini. Tia humo kijiko kimoja cha chai ya rangi iliyokolea na mashapo yatageuka meusi-samawati, kama wino. Usitie chai kabla ya soda, maana kwenye asidi kali chai haitaonyesha kitu na utadhani chuma hakipo. Mashapo yakiwa meupe badala ya kahawia, kuna metali nyingine, na hapo kuitaja kwa jina kunahitaji maabara.

Sasa swali la maana: chuma hicho kinakudhuru? Kwa kuyeyusha maganda ya mayai, kutengeneza gesi, kupima asidi na besi, hapana. Endelea na kazi. Kwa kukuza fuwele, kupaka shaba kwa umeme, au kwa kipimo ambacho chenyewe kinatafuta chuma, ndiyo, na usijaribu kuisafisha nyumbani kwa kuichemsha. Kuvukiza hidrokloriki ni kazi ya maabara yenye kabati la mvuke.

Dalili: povu la sabuni, au ute

Tia kijiko kimoja cha asidi kwenye maji nusu chupa ya plastiki inayoonyesha, funga, tikisa mara chache. Viputo vya maji matupu hupasuka papo hapo. Povu likikaa dakika nzima, kuna sabuni. Dawa nyingi za choo zitafeli hapa, na ukizimimina utaona zinashuka kama uji mwepesi. Sabuni huharibu fuwele, huzuia kuchuja, na kwenye majaribio ya gesi hupandisha povu mpaka kwenye mrija. Haitoki kwa njia yoyote ya nyumbani.

Dalili: tone likikauka linaacha alama

Kipimo hiki nakipenda kwa sababu hakihitaji kitu. Safisha kipande cha kioo, panga matone manne: siki, maji yaliyokenekwa, maji ya bomba, na asidi nyingine kama hidrokloriki (nje, tone moja tu). Acha yakauke yenyewe, usiweke jikoni. Siki nyeupe safi haiachi karibu chochote. Siki ya kahawia huacha duara la kunata, ambalo ni sukari na karameli. Hidrokloriki yenye chuma huacha pete ya njano-kahawia.

Tone la maji ya bomba ndilo la kulitazama kwa makini. Ukiwa Dodoma au mahali popote pa maji ya kisima yenye chumvi, huenda hilo ndilo litakaloacha pete nyeupe nene kuliko zote, na utakuwa umempata mhalifu: kila "uchafu" uliouona kwenye asidi uliyoizimua uliingia kwa jagi lako. Yale maji ya kuongezea betri uliyouziwa kwa makosa hapo juu sasa yana kazi.

Asidi ya betri haipimiki hivi. Salfuriki haikauki. Tone litabaki majimaji juu ya kioo, na mtu atakayelifuta kwa kitambaa atakuta tundu kwenye kitambaa.

Dalili: mrututu uliotengeneza umetoka kijani badala ya buluu

Umechukua oksidi au kabonati ya shaba, ukaiyeyusha kwenye asidi ya betri, ukaacha fuwele zikue, na rangi ni kama ya ganda la embe bichi. Sababu ni mbili tu za kufuatilia. Ya kwanza ni chuma, ambacho huingia kutoka kwenye sufuria, kijiko au waya wenye kiini cha chuma mara nyingi zaidi kuliko kutoka kwenye asidi. Ya pili ni kloraidi, hasa kama ulitumia maji ya chumvi au ulisafisha shaba kwa siki na chumvi bila kuisuuza.

Kutofautisha, zimua asidi yenyewe mara kumi na uifanyie kipimo cha soda na chai. Mwenye maabara ya shule aongeze tone la naitreti ya fedha kwenye asidi iliyozimuliwa. Utando mweupe kama maziwa yaliyoganda ni kloraidi. Lazima izimuliwe kwanza, kwa sababu salfeti ya fedha nayo hujitenga asidi ikiwa nzito. Na lazima tone la pili liende kwenye maji uliyozimulia yakiwa peke yake. Maji yakiweka utando uleule, asidi haina hatia. Asidi ikifaulu vyote viwili, yeyusha fuwele kwenye maji moto yaliyokenekwa, chuja na uzikuze upya. Kloraidi hubaki kwenye maji. Chuma ni king'ang'anizi zaidi, kitapungua bila kuisha. Maji ya shaba yanayobaki usiyamwage bustanini wala mtoni.

Dalili: mashapo ya kijivu, au asidi yenye wingu

Hiyo ilitoka kwenye betri iliyotumika. Asidi mpya ya betri ni angavu kama maji. Iliyomwagwa kutoka betri kuukuu huwa na vumbi la bamba, na vumbi hilo lina risasi. Haidromita itakuunga mkono, kwani betri iliyokufa huacha asidi ya 1.10 hadi 1.15. Kuichuja kunaondoa wingu, hakuondoi risasi yote. Asidi hii haifai kwa jaribio lolote, hata lile la kuonyesha povu tu mbele ya darasa. Irudishe kwa fundi betri anayekusanya betri chakavu.

Salfuriki nzito iliyogeuka kahawia ni hadithi nyingine. Humo kimeanguka kitu cha mimea au karatasi, kikaungua. Kwa kawaida hiyo ni dawa ya kuzibulia mabomba, na mahali pake si mezani kwa mtu wa nyumbani.

Dalili: sitriki imeganda mabonge, au maji yake yana ukungu

Mabonge ni unyevu tu. Ponda uendelee, ila ujue gramu zako sasa zina maji ndani. Ukungu ni suala lingine. Sitriki huyeyuka na kuacha maji angavu. Ikiacha ukungu, tia tone la tincha ya aidini. Buluu nyeusi maana yake kuna wanga, ama kwa sababu walipakia upya kwa kijiko cha unga, ama kwa sababu mtu ameongeza uzito. Ukungu bila buluu, pima kwa soda: ikila mililita 9 badala ya 12 au 13, robo ya pakiti yako au zaidi si sitriki.

Unaponunua tena

Asidi ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ikatae, hata kama bei ni nusu. Hujui chupa ilikuwa na nini, na nyumbani kuna mtu atakayekuja na kiu. Tanzania anayeuza kemikali anatakiwa awe amesajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya 2003, na muuzaji wa namna hiyo kwa kawaida ana chupa yenye lebo: jina la asidi, asilimia au densiti, na daraja. Herufi AR maana yake imetengenezwa kwa uchambuzi, LR ni ya maabara ya kawaida na inatosha karibu kila kitu kilichotajwa hapa. Ikiwa lebo ina jina la biashara na picha ya choo kinachong'aa bila kutaja asidi gani, umeshajibiwa.

Ukishapima, andika kwa kalamu isiyofutika juu ya chupa: namba uliyoipata, tarehe, na kama chuma, kloraidi au sabuni vilionekana. Mtungi wa hidrokloriki ukifunguliwa mara nyingi hupoteza mvuke na kulegea, kwa hiyo upime tena kabla ya kila kazi inayotegemea ukali wake.